TAA YA CHEKI INJINI, MPIRA WA ELFU MBILI NA BREKI ZA MTEREMKO WA MBAMBA BAY

Najua nimekuwa kimya, ila huku kwetu umeme na mtandao vikigoma vinagoma pamoja. Leo sileti siasa wala mpira wa miguu. Naleta mpira mwingine kabisa, ule mweusi mwembamba kama penseli unaopita juu ya injini ya lori, ambao mafundi wengi wanauona kama pambo. Huo mpira nusura uniachie msiba kwenye familia, kwa hiyo someni taratibu, hata kama dakika zenu za kafe zinaisha. Chapisheni msome nyumbani.

Kwanza nijieleze ili msije mkaniuliza cheti. Mi nimemaliza form four, sijapita VETA. Nimejifunza kwa kushika tochi na kuwapa mafundi spana, halafu usiku nasoma. Kwa hiyo nachoandika hapa ni nilichokiona kwa macho na nilichokihakiki kwenye vitabu vya magari.

Baba mdogo ana lori dogo la dizeli la Kijapani, tani mbili na nusu, voti 12, lina tabo. Jina la kampuni silitaji, gari yenyewe haina kosa. Kazi yake ni kutoa mahindi huku Liparamba kupeleka Mbinga mjini, na siku nyingine anashuka Mbamba Bay na saruji, anapanda na usipa. Kwa msiotujua: Liparamba iko wilaya ya Nyasa, tuliyogawanywa kutoka Mbinga mwaka 2012, kusini kabisa, jirani na pori la akiba na mpaka wa Msumbiji. Mbinga mjini iko juu milimani, zaidi ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Nyasa liko kama mita 475. Sasa piga hesabu mwenyewe: ukitoka Mbinga kwenda ziwani unashuka zaidi ya mita 800, kona juu ya kona, na siku hizi kuna lami kwa hiyo watu wanakimbia. Kupanda kunaumiza injini, kushuka kunaumiza breki. Kumbukeni hilo maana stori yote iko hapo.

Ilianza kwa taa. Ile ya njano yenye picha ya injini, cheki injini, ikawaka akiwa anapanda na mzigo. Gari ikawa nzito, tabo halisikiki, moshi mweusi nyuma. Akaenda kwa fundi mmoja (jina kapuni). Fundi akachomeka skana yake, akasoma kodi mbili. Sio kodi ya TRA jamani, ni kodi ya hitilafu, namba ambayo kompyuta ya gari inaiandika ikiona kitu hakiendi sawa. Zilikuwa P0401 na P0299. Fundi akaangalia ya kwanza tu, akasema: EGR imekufa, nyingine iliyotumika ni laki nne na nusu mpaka itoke Dar, au tuizibe kwa elfu thelathini. Baba mdogo ni mtu wa Liparamba, mnadhani alichagua nini.

Ikazibwa. Kipande cha bati kikawekwa kwenye njia ya moshi. Ile solenoidi inayoiendesha EGR ikang'olewa kwa sababu "haina kazi tena", na mpira uliokuwa unaileta mvuto ukazibwa kwa kijiti na tepu. Kisha kwenye dashibodi, juu ya taa ya cheki injini, kipande cha tepu nyeusi. Kazi imeisha, twende.

Gari haikupata nguvu hata kidogo, lakini baba mdogo akavumilia. Siku ya tatu anashuka Mbamba Bay na saruji, mimi nipo pembeni yake. Breki ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Ya tatu pedeli ikawa ngumu kama amekanyaga jiwe. Hakusema kitu, ila nilimuona anasimama kabisa juu ya pedeli, makalio yameachana na kiti. Akapiga gia ya tatu, ya pili, injini inalia kama inataka kutoka, hendibreki anaivuta kidogo kidogo, akaipeleka kwenye kifusi cha mchanga pembeni ikasimama. Hatukuumia. Utingo alishuka akakaa chini, hakuongea kama robo saa.

Nilifungua boneti na injini ikiwa silensa. Nikasikia ssssss. Kijiti hakipo. Nikaweka kidole kwenye ule mpira, ukakivuta kidole. Nikamwambia, baba mdogo kanyaga breki. Akakanyaga, akanitazama kwenye kioo, akasema, "Imerudi."

Sasa tuingie darasani.

KODI INASEMA NINI NA HAISEMI NINI

Marekani walilazimisha magari madogo yote mapya kuanzia mwaka 1996 yawe na mfumo mmoja wa kujipima moshi, na kodi za aina moja kwa kampuni zote. Ulaya wakafuata, petroli 2001 na dizeli 2004. Ndo maana soketi ya pini 16 chini ya usukani inafanana kwenye magari mengi. Ila tahadhari: gari za Kijapani za soko la kwao, hizi tunazoagiza zimetumika, zinaweza kuwa na soketi hiyo hiyo lakini zinaongea lugha yao ya ndani. Skana ya bei chee itakaa kimya. Haina maana gari ni bovu, na haina maana kontroli boksi imeungua kama utakavyoambiwa.

Kodi inasomeka hivi. Herufi P ni injini na gia. Namba inayofuata ikiwa 0 ni kodi ya wote, ikiwa 1 kwa kawaida ni ya kampuni yenyewe, hapo utafute kitabu cha gari hiyo. Namba ya pili baada ya P ndo inakwambia eneo: 1 au 2 ni mambo ya hewa na mafuta, 4 ni vifaa vya kupunguza uchafu wa moshi, 7 ni gia boksi.

Kwa hiyo P0401 maana yake ni: moshi unaorudishwa kupitia EGR ni kidogo kuliko ilivyotarajiwa. P0402 ni kinyume chake, mwingi kupita kiasi. P0403 ni waya au solenoidi ya EGR, yaani umeme. P0299 ni tabo halitoi presha ya kutosha, na P0234 ni linatoa kupita kiasi. P0101 ni sensa ya hewa inayoingia inatoa vipimo visivyoeleweka, mara nyingi ni uchafu au kichungio cha hewa kimejaa vumbi letu jekundu.

Sasa shika hili neno. P0401 HAISEMI EGR imekufa. Kwenye gari nyingi kompyuta haina jicho pale kwenye EGR. Inachofanya ni kuamuru ifunguke halafu inaangalia sensa ya hewa: kama moshi umeingia kweli, hewa safi inayovutwa lazima ipungue. Isipopungua, inaandika P0401. Imeona dalili, haijaona kifaa. Ni kama mgonjwa ana homa, wewe unakimbilia kumng'oa jino.

Na kati ya amri na moshi kuna safari ndefu: pampu ya vakyumu, mpira, tii ya kugawia, solenoidi, mpira mwingine, dayaframu ya EGR, njia ya moshi yenye masizi, mwisho sensa yenyewe. Popote hapo pakikatika kodi ni ile ile moja.

Kwenye gari ya baba mdogo kulikuwa na msaada mkubwa ambao fundi aliupita: kodi zilikuwa MBILI. EGR na tabo ni vitu tofauti kabisa, vinakufaje siku moja? Hapo jiulize wanashirikiana nini. Kwenye gari ile vyote viwili vinavutwa na vakyumu ya pampu moja. Tabo lake lina mapanga yanayogeuzwa na dayaframu. Mvuto ukiisha yanabaki wazi, presha haipandi, gari inakuwa nzito mlimani na inatoa moshi mweusi. Baadaye nilipochomeka skana yangu (ile ndogo ya Bluetooth inayosomwa na simu) nikakuta kodi ya tatu, P0403. Hiyo haikuwa ya gari. Hiyo fundi aliitengeneza mwenyewe alipong'oa solenoidi.

VAKYUMU INATOKA WAPI KWENYE DIZELI

Injini ya petroli inajitengenezea mvuto wake, maana kuna kilango kinachobana hewa kabla ya kuingia. Dizeli kwa kawaida haina kizuizi hicho, inameza hewa yote inayotaka, kwa hiyo mvuto wa maana haupo. Ndo maana wametufungia pampu. Kwenye magari mengi ya Kijapani tunayoyajua, kuanzia Canter zenye injini ya 4D33 mpaka Hiace na Hilux za 3L, pampu hiyo imekaa nyuma ya altenata, inazungushwa na shafti hiyo hiyo, na inalainishwa na oili ya injini kupitia kijipaipu chake.

Mpangilio huo una mambo matatu ambayo madereva wengi hawayajui.

La kwanza, mkanda. Mkanda wa altenata ukilegea au ukikatika, huchaji na huvuti. Ukiona taa ya betri imewaka na pedeli imeanza kuwa ngumu kwa wakati mmoja, usitafute matatizo mawili. Simama.

La pili, oili. Oili ikipungua au ikiwa imechoka, makafi ya ndani ya pampu hayazibi vizuri na mvuto unashuka. Na ukikuta oili ndani ya mpira wa vakyumu, usiifute ukaondoka. Hiyo oili inatoka kwenye injini na inakwenda kuharibu mipira na dayaframu za mbele. Tafuta chanzo chake kwanza.

La tatu ndo baya. Pampu hiyo hiyo ndiyo inayolisha busta ya breki. Lori dogo lenye breki za mafuta, mguu wako peke yako hautoshi. Busta inachukua mvuto upande mmoja na hewa ya kawaida upande wa pili, tofauti ya hizo mbili ndo inakusaidia kusukuma. Na kwenye malori madogo mengi hata ile breki ya ekzosi, ya kubana moshi wakati wa kushuka, inafungwa na vakyumu. Yaani uvujaji mmoja unaweza kukunyang'anya breki zote mbili siku unayozihitaji.

(Wenye Fuso kubwa na semi za makaa ya mawe pale Ngaka, zenu ni breki za upepo, compressa na matanki, hilo ni somo jingine. Na kodi zenu kwa kawaida haziandikwi kwa P, zinakuja kwa namba mbili zinazoitwa SPN na FMI.)

Kati ya pampu na busta kuna kidude kidogo cha plastiki au chuma, valvu ya njia moja. Inaruhusu hewa kutoka kwenye busta kwenda kwenye pampu, hairuhusu kurudi. Kazi yake ni kukubakizia mvuto wa mikanyago miwili mitatu injini ikizimika. Ndo maana sisi breki ya kwanza na ya pili zilikuwa nzuri, tulikuwa tunatumia akiba. Na ndo maana nawaomba wale jamaa wanaozima injini au kuweka fri kwenye mteremko "kuokoa mafuta": ukizima, pampu imesimama. Unacheza na mikanyago mitatu na kona kumi. Ukiweka fri injini ikiwaka, pampu inazunguka lakini umeitupa breki ya injini, na ndiyo iliyotuokoa sisi.

JINSI YA KUPIMA, BILA MASHINE YA MILIONI

Weka gari tambarare, hendibreki juu, jiwe kwenye tairi. Nguo zisiwe zinaning'inia karibu na feni.

Anza na busta, haihitaji kifaa. Injini imezimwa, kanyaga breki mara nne au tano mpaka pedeli iwe ngumu. Ishikilie hapo hapo, halafu washa injini. Pedeli lazima izame kidogo chini ya mguu. Isipozama, mvuto haufiki. Kipimo cha pili: washa dakika moja mbili, zima, kanyaga taratibu mara kadhaa. Ya kwanza inaingia ndani, zinazofuata zinapanda juu zaidi na zaidi. Kama zote ziko sawa na ngumu, valvu au busta haitunzi. Cha tatu: injini inawaka, kanyaga shikilia, zima, hesabu sekunde 30 bila kutoa mguu. Pedeli isipande. Ikipanda kuna sehemu inavuja. Dakika tano umemaliza, na hivyo vipimo vitatu viko kwenye vitabu vya kampuni kabisa sio vya mtaani.

Ikifeli, rudi kwenye pampu. Chomoa mpira mkubwa unaotoka kwenye pampu, ziba tundu kwa kidole injini ikiwa silensa. Pampu nzima inakikamata kidole kwa nguvu. Ukipata geji ya vakyumu tumia hiyo, na hapa kuna jambo la watu wa milimani ambalo hata mafundi wazoefu linawachanganya.

Kitabu kimeandikwa kwa mtu wa usawa wa bahari, ambapo hewa ina presha ya inchi 30 hivi za zebaki. Pampu haiwezi kuvuta zaidi ya hewa iliyopo. Ziwani Mbamba Bay hewa ni kama inchi 28, Mbinga mjini ni kama 25 na nusu. Kwa hiyo geji iliyosoma 26 ziwani itasoma 23 na kitu Mbinga na pampu ni ile ile, haijafa. Nimeshuhudia pampu nzima inatupwa kwa sababu ya hesabu hii. Na upande wa pili wa shilingi, busta nayo inategemea hewa hiyo hiyo kusukuma, kwa hiyo juu milimani msaada wa breki umepungua kama asilimia 10 ukilinganisha na ziwani hata kila kitu kikiwa kizima. Unaanza mteremko ukiwa na pungufu tayari.

Pampu ikiwa nzima, uvujaji uko mbele. Njia ninayoipenda ni kubana tawi moja moja. Weka geji kwa tii karibu na pampu, injini silensa, halafu chukua koleo uliyoizungushia kitambaa, bana mpira wa tawi la EGR. Geji ikipanda, uvujaji uko kwenye tawi hilo. Isipopanda, achia, bana la tabo. Halafu la breki ya ekzosi. La mwisho la busta. Huna geji? Tumia kipande cha mpira mrefu, upande mmoja sikioni upande mwingine unautembeza kwenye maungio. Utasikia mluzi.

Povu la sabuni linafaa upande wa presha, yaani mabomba makubwa kutoka kwenye tabo kwenda kwenye injini, linatoa mapovu. Kwenye vakyumu linanyonywa tu na hutaona kitu. Na tafadhali, usinyunyize petroli wala dawa ya kuwashia injini kutafuta uvujaji kwenye dizeli. Kwanza moto. Pili, injini ikiivuta inaweza kukimbia yenyewe na hata ukizima ufunguo haisikii.

Dayaframu ya EGR unaipima kwa mdomo kama huna pampu ya mkono: chomoa kampira kake, safisha ncha, nyonya, ziba kwa ulimi. Ulimi ukishikwa ukabaki, nzima. Ukiachiwa, imetoboka. Valvu ya njia moja nayo ni kupuliza: upande mmoja inapitisha, wa pili inakataa. Ikipitisha kote kote tupa. Solenoidi unaisikiliza ikipewa umeme, inagonga tak. Kugonga peke yake hakutoshi, hakikisha na hewa inapita na kukatika.

Gari ya baba mdogo tuliikuta na ufa kwenye mdomo wa mpira pale kwenye tii, upande unaoelekea ekzosi. Joto limeukausha, ukiukunja unaona mpasuko kama kisigino cha mkulima. Ndo ulikuwa ugonjwa wa kwanza kabisa, kabla hata ya kijiti. Mpira mpya wa mita moja na klipu, elfu mbili na mia tano. Solenoidi ilibidi tumrudie yule fundi tukaichukua, hatukugombana sana. Bati tukatoa.

Kuhusu mpira wenyewe: nunua wa vakyumu, wenye nyama nene. Nimeona watu wanafunga mpira wa dripu ya hospitali. Karibu na injini unalainika, unajikunja kwa mvuto kama mrija wa juisi iliyoisha, na hauonekani umeziba mpaka uuchomoe. Na kuzungushia tyubu ya baiskeli ni dawa ya kukufikisha gereji tu.

IKIWA KWELI NI EGR

Inatokea. Mipira yote mizima, dayaframu inashika, na P0401 inarudi. Hapo fungua valvu uangalie masizi. Moshi unaorudi ukikutana na mvuke wa oili unajenga lami nzito ambayo inaweza kuziba njia zaidi ya nusu. Kwangua kwa kijiti cha mbao, tumia dawa ya kabureta, usiingize bisibisi kwenye kiti cha valvu. Badilisha gasketi. Masaa matatu ya kazi chafu, sio laki nne na nusu.

Mafuta nayo yanachangia. Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuwa kuanzia Januari 2015 dizeli isizidi salfa sehemu 50 kwa milioni. Lakini hiyo ni ya kwenye pampu. Ile ya madumu kijijini, iliyochanganyika na maji na sijui nini, hakuna anayekuhakikishia.

Sasa mtaniuliza, kwani tukiziba EGR kuna shida gani, wengi wameziba na wanatembea. Nitawajibu kwa ukweli. EGR haikuongezei nguvu, ilifungwa kupoza moto ndani ya silinda ili gesi za naitrojeni zipungue, zile zinazochoma mapafu. Moshi wa dizeli wenyewe Shirika la Afya Duniani, kupitia kitengo chake cha saratani IARC, uliwekwa mwaka 2012 kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Anayeuvuta ni mama wa ndizi pale stendi na watoto wa shule wanaotembea pembeni ya barabara. Na wakubwa pia wamedanganya, Volkswagen walikamatwa Septemba 2015 na programu ya kuhadaa vipimo kwenye magari milioni 11 hivi duniani. Kwa hiyo simlaumu baba mdogo peke yake. Ila ukiziba kienyeji unaacha mpira wazi, unaficha taa, na siku taa hiyo inataka kukwambia kitu kingine, presha ya mafuta ya reli imeshuka au joto limezidi, tepu nyeusi imelala juu yake.

KUFUTA KODI

Usifute kabla hujaandika namba zote kwenye karatasi. Ukifuta unapoteza pia ile picha ya mwendo na joto ambayo kompyuta iliihifadhi dakika hitilafu ilipotokea. Kwetu ilionyesha injini ya moto, mwendo mdogo, mafuta yamekanyagwa sana: yaani mlimani na mzigo. Ukishatengeneza, futa, tembea. Kwa kodi nyingi za moshi kompyuta inasubiri ione kosa safari mbili ndo iwashe taa, na inaizima yenyewe baada ya safari tatu safi. Kwa hiyo taa kutowaka siku ya kwanza sio ushahidi. Mpandishe mlima na mzigo ndo utajua.

Na wenye malori ya voti 24, msichomeke hivi vidude vya elfu ishirini kabla ya kuuliza. Vingi vimetengenezwa kwa voti 12 na vinaungua, na kikifanya shoti unaweza kupata kodi mpya ambayo hukuja nayo.

Baba mdogo jana kapandisha usipa kutoka Mbamba Bay, tabo linalia vizuri. Tepu nyeusi aliitoa mwenyewe kwa kucha, gundi imebaki kwenye kioo cha dashibodi. Kila asubuhi kabla ya kuondoka anafanya kile kipimo cha pedeli, na utingo naye siku hizi anasimama dirishani kuhakikisha imezama. Picha za ule mpira nilipiga ila kompyuta ya kafe imekataa kusoma simu yangu, nitaziweka wiki ijayo. Mwenye gari yenye kodi anayoishangaa aandike hapo chini namba kamili, aina ya injini, na kama breki zake ni za vakyumu au upepo. Hicho cha mwisho msisahau.